Fidla Iliyougua Baridi Yabisi

Kila mchana, nyuma ya karakana yangu hapa Ukunda, tone la maji huangukia kopo tupu la rangi. Ni maji ya kiyoyozi cha ofisini mwangu, eisii kama tunavyoiita wengi wetu. Tone, kimya, tone. Wateja huniambia nikizibe kile kibomba, kwa sababu fundi wa viyoyozi hafai kuwa na kiyoyozi kinachovuja. Huwaeleza kwa upole kwamba hakivuji, kinafanya kazi yake. Wakishaondoka hubaki nikisikiliza, na sauti ile hunirudisha Diani ya miaka ya tisini mwishoni, nyuma ya hoteli moja, mahali ambapo tone kama hilo lilimdanganya shangazi yangu na karibu limpokonye fidla yake.

Niseme mimi ni nani, ili msomaji ajue maneno haya yanatoka wapi. Nina diploma ya ufundi wa majokofu na viyoyozi, na darasani nilikuwa msichana peke yangu. Nimefanya kazi Uarabuni, nimepoza majumba ambayo shingo huuma ukiyatazama mpaka juu, na nimerudi Kwale kwa jasho langu mwenyewe. Hakuna mtu aliyenichangia nauli. Karakana ni yangu, gari ni langu, na jina langu limeandikwa ubavuni mwake kwa herufi zinazosomeka ng'ambo ya barabara. Nayasema haya kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa kisa hiki kilikuwa somo langu la kwanza kuhusu hewa, ingawa wakati ule sikujua kwamba nilikuwa nimeketi darasani.

Shangazi Mwanakombo, dada mkubwa wa baba, aliishi nasi Msambweni tangu alipoachwa na mumewe. Fidla aliirithi kwa babu. Babu aliinunua Mombasa akiwa kijana, akajifunza nyimbo chache, kisha akaoa na kuitundika ukutani. Watoto wake wa kiume hawakuitaka. Shangazi aliitaka. Majirani walisema maneno yao juu ya mwanamke wa heshima kushika fidla, naye akawaacha waseme mpaka wakachoka, na walipochoka wakaanza kumwalika harusini. Aliipigia ameketi wima, kidevu juu ya leso iliyokunjwa mara nne, macho yameangalia mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Pale nyumbani hakuwa na neno kubwa. Alilala chumba kimoja na sisi watoto, akala alichopika mama, na mambo ya nyumba yalipojadiliwa hakuulizwa. Lakini akiingia ukumbini na lile sanduku jeusi, wanawake walisogea kumpa nafasi, na hata wazee wa kiume walimwita Bi Mwanakombo. Bila fidla alikuwa mtalaka anayekaa kwa ndugu yake. Hilo nililijua hata utotoni, kwa sababu watoto huona upesi sana nani anapewa kiti na nani anaambiwa asogee.

Mwaka ule mvua za Elnino zilikuwa zimetupitia na kuacha kila kitu kikiota kuvu. Viatu vyangu vya shule viliota manyoya ya kijani. Chumvi iligeuka uji ndani ya kopo. Kurasa za misahafu ziligandamana, mwalimu wa chuo cha Kurani akawa anazibandua moja moja kwa ukingo wa kisu. Pwani yetu, hata pasipo mvua kama hizo, adui wa vitu ni unyevu, na kila nyumba ina dawa yake. Shangazi alikaanga mchele mkavu bila mafuta, akaushona ndani ya vifuko vya kanga kuukuu pamoja na vipande vidogo vya mkaa, akavipanga kandokando ya fidla ndani ya sanduku. Ijumaa alilifukiza sanduku zima kwa udi. Nilikua nikiamini kwamba fidla zote duniani hunuka pilau ambayo haijapikwa.

Kikundi chao cha taarabu kilikuwa cha Bwana Salimu, mwimbaji mwenye sauti nzuri na kiburi kinacholingana nayo. Yeye ndiye aliyepata kazi ya kupiga kila Jumamosi katika hoteli moja ya Diani, wageni wakila chakula cha jioni. Hoteli ilikuwa imejenga ukumbi mpya wa vioo wenye viyoyozi, jambo ambalo wakati ule lilisimuliwa Msambweni kama habari ya ng'ambo. Ngoma moja ilipopasuka ngozi njiani, Bwana Salimu akaamua kwamba vyombo vyote vibaki hotelini wiki nzima. Mwenye stoo, Mkamba aliyeitwa Kilonzo, akaviweka katika chumba pekee chenye kufuli ya kuaminika. Kilikuwa chumba cha mvinyo, chenye kiyoyozi usiku na mchana.

Shangazi alisimama mlangoni, akazitazama zile chupa zilizolala safu kwa safu, akauliza kama ni kweli fidla ya marehemu baba yake italala na pombe.

"Mama, chupa zote ziko na kizibo," Kilonzo akamwambia. "Hiyo fidla italewa aje?"

Wanakikundi walicheka. Shangazi hakucheka, lakini hakutaka kuwa mtu wa kuvunja kazi ya wenzake. Alikubali kwa sharti kwamba sanduku lifungwe kwa kanga nzima na likae rafu ya juu kabisa, mbali na shingo za chupa.

Jumamosi chache baadaye fidla ilianza vituko. Shangazi alizikaza nyuzi, nazo zikalegea katikati ya wimbo, kwa kuwa vile vijiti vya kukazia vilirudi nyuma vyenyewe kama mtu aliyechoka kushika. Kisha ikaanza kuvuma, sauti ya nyigu aliyefungiwa ndani ya chupa, na mfano huo ulisemwa na wanakikundi wenyewe, nao walikuwa tayari wana maelezo: ni pombe. Chombo kilichozoea udi na uradi hakiwezi kulazwa na mvinyo kikabaki salama. Shangazi hakulikubali hilo moja kwa moja. Alikuwa mtu wa kutafuta ushahidi, akazunguka nyuma ya stoo kuutafuta.

Huko aliliona tone. Lilitoka kwenye kibomba ukutani na kuangukia mchanga, ambao ulikuwa umechimbika shimo na kuota nyasi mbichi pembeni.

"Kilonzo," akasema, "fidla yangu umeilaza kisimani."

"Hayo ni maji ya eisii, mama."

"Ndilo nisemalo. Eisii yatoa maji."

Kilonzo akainama kulitazama lile shimo mchangani. Maji yalikuwa pale, yanaonekana. Mtu yeyote wa pwani angefikiri alivyofikiri shangazi: chumba kinachotoa maji ni chumba kibichi, na fidla iliyo ndani yake inaoza. Leo naweza kueleza jambo hili hata nikiwa usingizini. Kiyoyozi hakitengenezi maji. Hukamua hewa ya chumbani, kama unavyokamua nguo kabla ya kuianika, na maji yaliyokamuliwa huyatupa nje. Hewa iliyobaki ndani ni baridi na ina njaa ya maji. Huyatafuta popote yalipo: midomoni mwa watu, kwenye majani ya maua, kwenye mbao. Lile tone halikuwa dalili kwamba chumba kina maji. Lilikuwa ndiyo maji ya chumba, yanaondoka, na sehemu yake ndogo ilitoka ndani ya fidla.

Shangazi alirudi nyumbani, akakaanga mchele mwingine, akashona vifuko mara mbili ya vile vya kwanza, akavipeleka hotelini na kulijaza sanduku mpaka likafungika kwa kulikalia. Wiki iliyofuata ufa ukatokea kifuani mwa fidla. Ulikuwa mwembamba kama unywele, ukianzia karibu na tundu na kufuata mstari wa mti. Usiku ule hatukusikia mtu akilia chumbani, lakini asubuhi leso yake ilikuwa imeanikwa, ingawa haikuwa siku ya kufua.

Bwana Salimu alikuja kwetu Jumapili, akaketi barazani, akaulizia afya ya kila mtu hadi mbuzi. Alipomaliza chai ndipo alipofika kwenye jambo lake. Alisema hana ugomvi na Bi Mwanakombo, anamheshimu kama dada yake, lakini Jumamosi inayokuja mwenye hoteli mwenyewe angekuja kusikiliza na kuamua kama kikundi kibaki msimu mzima. Fidla ikivuma vile tena, watu wote wangekosa kazi kwa ajili ya chombo kimoja. Mpwa wake alikuwa amenunua kinanda cha umeme.

"Kinanda kina sauti ya fidla ndani yake," akasema. "Wabonyeza tu. Na hakiugui."

"Wala hakilii, Bwana Salimu," shangazi akajibu. "Chasema tu."

Alitabasamu alipokuwa akisema hivyo, lakini mimi nilikuwa nimekaa miguuni pake, nikaona vidole vyake vya mguu vimejikunja ndani ya malapa. Kila mtu pale barazani alijua kwamba kinanda kikishaingia, fidla haitarudi. Ilikuwa imetokea kwa vikundi vingine, Mombasa na Ukunda.

Kulikuwa na jambo moja ambalo shangazi alikuwa hajamwambia mtu. Pale hotelini kulikuwa na bibi wa Kijerumani, mwembamba, nywele nyeupe zilizokatwa fupi kama za mvulana. Wafanyakazi walimwita Mama Greta, kwa kuwa alikuja kila mwaka na kukaa mpaka baridi ya kwao iishe. Jumamosi iliyopita, baada ya nyimbo, alikuja mpaka pale vyombo vilipokuwa vikifungwa, akainama juu ya sanduku na kusema maneno mengi. Kilonzo alitafsiri kwa kifupi: anasema fidla inataka maji. Shangazi aliona amedhihakiwa. Kwa masikio yake ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba chombo chake kinafaa kutupwa baharini. Alifunga sanduku mbele ya uso wa yule bibi akaondoka bila kuaga.

Sasa, Bwana Salimu alipokwenda zake, aliniita.

"Riziki, wewe si wasemwa kwamba wajua Kiingereza?"

Nilikijua. Nilikuwa darasa la tano, wa kwanza kwa Kiingereza tangu darasa la pili, na mwalimu alikuwa akinipeleka kwa wanafunzi wa darasa la saba niwasomee kwa sauti ili waone haya. Shangazi akaniambia kwamba kesho tungekwenda Diani, kwa kuwa shule zimefungwa, nimuulize yule bibi wa watu jambo moja tu: anamcheka shangazi au anamsaidia? Akisema anacheka, niwe tayari na la kumjibu. Nililala nikiyapanga maneno ya kumjibu, na nasikitika kidogo kwamba hayakuhitajika, kwa maana yalikuwa mazuri.

Tulikutana katika kibaraza cha nyuma ya jiko, mahali wafanyakazi wanapokunywa chai. Mama Greta aliletewa kiti. Kilonzo alisimama na funguo zake, kwa kuwa sanduku lilikuwa chini ya ulinzi wake na pia kwa kuwa alitaka kuona mwisho. Shangazi alinikumbusha kwamba adabu ni kwanza, nimwamkie mgeni. Shikamoo haina Kiingereza, lakini mimi sikuwa mtoto wa kushindwa na neno. Nilimweleza Mama Greta kwamba tunaishika miguu yake. Akaivuta miguu chini ya kiti.

Shangazi akalifungua sanduku. Mama Greta aliitazama fidla kwa muda mrefu kabla ya kuigusa, na alipoigusa alitumia mgongo wa mkono, si ncha za vidole. Hapo ndipo sote tulipoviona vidole vyake. Vilikuwa vimevimba kwenye viungo na kupinda, kama tangawizi. Nyanya yangu alikuwa na magoti ya namna ile. Shangazi aliviona, akavitazama, akaitazama fidla yake, na sauti yake ikapoa.

"Mwambie simgombezi," akasema. "Mwambie ugonjwa wake naujua. Ni baridi yabisi. Viungo vimeachana. Mwambie fidla yangu ni kama vidole vyake."

Hapo nilikwama. Baridi yabisi ni ule ugonjwa wa viungo unaowashika wazee asubuhi, kila mtu wetu anaujua, lakini jina lake kwa Kiingereza hatukuwa tumefundishwa. Sikukubali kuonekana nimekwama, hasa mbele ya Kilonzo. Baridi nililijua kwa Kiingereza. Yabisi nalo nililijua maana yake, kwa sababu nyanya alikuwa akiuita hivyo mkate wa juzi, ule uliokauka mpaka unalia ukiuvunja. Basi nikayaunganisha. Nikamwambia Mama Greta, kwa kujiamini kote kwa mtoto wa kwanza darasani, kwamba shangazi anasema baridi ni kavu, na kwamba fidla yake ni kama vidole vyake yeye Mama Greta.

 Mama Greta aliiweka mikono yake mapajani, akaitazama kama vitu vya mtu mwingine. Kisha akasema ndiyo, kwa Kiswahili, mara kadhaa. Akaniambia polepole, ili nisipotewe na neno, kwamba hiyo ndiyo hasa shida, baridi ya chumba kile ni kavu mno kwa mti, na kwamba hajapata kumsikia mtu akilieleza jambo hili vizuri hivyo kwa maneno machache kiasi kile.

"Anasema kweli," nikamwambia shangazi. "Ni baridi yabisi."

Wakatikisiana vichwa kama madaktari wawili waliokubaliana, kila mmoja juu ya ugonjwa wake.

Mama Greta aliomba tumsubiri, akapanda chumbani kwake. Alikawia sana. Kilonzo alikunywa chai yangu. Aliporudi alikuwa na mrija wa mpira wa kijani, mwembamba kuliko kidole, mrefu kama mpini wa upawa, umetobolewa vitundu kila mahali na ndani yake umejazwa sponji. Akaeleza na mimi nikatafsiri: unauzamisha majini, unaukamua, unaupangusa nje mpaka uwe mkavu mkononi, kisha unauteremsha ndani ya fidla kupitia tundu, unafunga sanduku.

"Ndani?" shangazi akauliza.

"Ndani."

"Maji, ndani ya fidla ya baba."

"Si nilisema?" Kilonzo akaingilia. "Inataka maji. Mimi nikisema naonekana mjinga."

 Shangazi alikuwa anaufikiria ule mrija, na mimi niliyemfahamu niliona kwamba alikuwa karibu kulifunga sanduku kwa mara ya pili. Maisha yake yote alikuwa ameizuia fidla isipatwe na maji. Kisha akaniambia nimuulize jambo: huko kwao, mtu mwenye baridi yabisi hufanywaje? Niliuliza, kwa maneno yangu yale yale, baridi ikiwa kavu nyinyi hufanyaje. Mama Greta akauinua mrija juu, akaonyesha kwa mikono yake miwili iliyopinda: kuzamisha, kukamua, kuweka mahali panapouma.

Uso wa shangazi ukafunguka.

"Kumbe ni kukanda," akasema. "Mbona hakusema mapema? Kukanda nakujua."

Kwetu baridi yabisi hukandwa. Kitambaa, maji ya moto, unakamua, unaweka kwenye kiungo. Shangazi alikuwa ameyakanda magoti ya nyanya miaka na miaka, na sasa aliambiwa kwamba fidla yake inahitaji kile kile alichokizoea mkononi. Hakuwa na hofu tena. Aliuliza kama maji yawe ya moto. Akaambiwa ya kawaida. Aliuliza kama atie mafuta ya karafuu kidogo, na nilipolitafsiri hilo, Mama Greta alilikumbatia sanduku kwa mikono yote miwili.

Shida ikabaki kwa mchele. Mama Greta alivitoa vile vifuko kimoja kimoja, akanusa, akaniuliza kama fidla inalishwa. Shangazi alivipokea na kuvifunga katika upindo wa leso. Alikubali tu alipoelezwa kwamba nyumbani Msambweni, penye unyevu, mchele ulikuwa sahihi na aendelee nao. Lakini katika chumba kile mchele na mashine vilikuwa vikivuta upande mmoja. Hilo alilishika upesi kuliko mimi niliyelitafsiri. Hotelini fidla hukandwa, nyumbani huanikwa.

Kabla hatujaondoka alimfundisha Kilonzo, kwa kuwa yeye ndiye angebaki na fidla katikati ya wiki. Kilonzo alikamua, shangazi akauweka mrija shavuni pake, akamrudishia. "Bado. Kamua." Akakamua tena. "Bado." Mwishowe Kilonzo alisema kwamba ameajiriwa kulinda stoo na sasa amekuwa yaya, lakini alikamua mpaka shavu la shangazi likatoka kavu.

Jumamosi ile nilikaa juu ya kreti la soda kwenye mlango wa jikoni. Kinanda kilikuwa kimewekwa tayari ukumbini, kimefunikwa kitambaa cheupe, na mpwa wa Bwana Salimu alikuwa ameketi nyuma yake, nywele zinang'aa mafuta. Shangazi alimsalimu vizuri. Akafungua sanduku, akauvuta mrija polepole kama anayetoa mwiba, akanipa. Ufa ulikuwepo bado ukijua pa kutazama, lakini kingo zake mbili zilikuwa zimekutana. Akazikaza nyuzi. Akangoja. Vijiti havikurudi nyuma. Akakunja leso, akaweka kidevu.

Sitasema kwamba watu walilia, kwa sababu hawakulia. Wageni waliendelea kula, na mwenye hoteli alimaliza samaki wake wote. Lakini fidla haikuvuma kama nyigu hata mara moja, na katika wimbo wa tatu, palipo na sehemu ndefu ambayo mwimbaji hunyamaza na kuiachia fidla peke yake, nilimwona Bwana Salimu amesahau kuangalia wageni. Alikuwa anamtazama shangazi. Kile kitambaa cheupe hakikuondolewa usiku ule, wala Jumamosi iliyofuata, na baadaye mpwa wake alikichukua kinanda chake akaenda nacho Malindi. Shangazi alipiga fidla katika kikundi kile mpaka alipochoka mwenyewe.

Msimu wa wageni ulipokwisha Mama Greta akarudi kwao. Mwaka uliofuata hakuja, na hatukupata habari zake.

Kwa muda mrefu nilikihesabu kisa hiki kuwa ushindi wangu. Nilikisimulia shuleni, nikakisimulia chuoni, na siku mwalimu wa chuo alipochora ubaoni jinsi hewa inavyopozwa na kukamuliwa, mimi peke yangu ndiye niliyeelewa kabla hajamaliza kuchora. Katika mwaka huo huo, kwenye bango la zahanati, nilisoma jina la baridi yabisi kwa Kiingereza, nikagundua kwamba siku ile kibarazani sikuwa nimetafsiri kabisa. Nilikuwa nimeyavunja maneno mawili na kumpa Mama Greta vipande. Nilicheka peke yangu barabarani. Nilipomweleza shangazi, alisema sikukosea, kwa maana mgonjwa alipona.

Niliporudi kutoka Uarabuni, mmoja wa wateja wangu wa kwanza alikuwa Kilonzo. Ameacha kazi ya hoteli, ana duka lake hapa Ukunda, akataka nimfungie kabati la kupozea maziwa na soda. Nilikuwa nimelala chini nikifunga mabomba, yeye amekaa juu ya gunia la sukari, tukawa tunayakumbuka ya zamani. Tulipofika kwa Mama Greta akasema, kama jambo ambalo kila mtu analijua, kwamba yule mama naye alikuwa na fidla.

Nikamwambia hakuwa nayo. Hatukuwahi kumsikia akipiga.

"Hakuna mtu aliwahi msikia," Kilonzo akasema. "Lakini alikuwa nayo kwa room. Kila mwaka anakuja nayo. Msichana wa kusafisha ndiye alikuwa anatuambia. Asubuhi anaifungua, anatoa ule mrija, anautia maji kwa sinki, anaurudisha, anafunga. Hiyo tu. Vidole zilikataa kitambo. Halafu akawapea nyinyi, na hakuwa na mwingine."

Nilibaki chini pale na spana mkononi. Nilikumbuka kwamba mrija ulipotua kiganjani mwangu ulikuwa tayari umelowa, nami nilidhani ameulowesha ili atuonyeshe. Nilikumbuka alivyokawia huko juu. Vyumba vyote vya hoteli ile vilikuwa na viyoyozi. Hilo naweza kulithibitisha, kwa maana sasa mimi ndiye ninayevihudumia. Najua, kwa elimu yangu, kitu kinachoipata fidla iliyofungiwa katika chumba kama kile bila maji. Na yeye alijua, bila shaka, kuliko mimi.

Nilimuuliza Kilonzo kama Mama Greta aliondoka na fidla yake. Akasema ndiyo, aliibeba mwenyewe mpaka kwenye gari na kukataa kusaidiwa. Kisha akaniuliza kama kabati litaanza kupoza leo au kesho.

Maneno mengi niliyotafsiri asubuhi ile niliyapinda, kuanzia shikamoo. Niliyoyafikisha sawasawa, bila kupunguza wala kuongeza, ni yale yaliyomfanya Mama Greta aitazame mikono yake: kwamba fidla ya shangazi ni kama vidole vyake. Hayo niliyasema kwa Kiingereza safi, mtoto wa darasa la tano, huku nikimtazama Kilonzo nione kama amevutiwa.